Kaniki ya bibi imenizungusha Kariakoo nzima, nikaishia kwenye mashamba ya nili

#1 Mtoto wa Tandika (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite kimya kimya asije akanilaumu.

Bibi yangu mzaa mama yuko Mbagala, ana miaka 80 na ushee, masikio yake yanasikia kuliko yangu. Wiki iliyopita akaniagiza kaniki. Siyo kanga, siyo kitenge. Kaniki. Mimi kwa kujifanya mjuaji nikamwuliza, "Bibi, kaniki si nguo ya waganga?" Akanitazama weee, halafu akasema: "Kaniki nimelimia mpunga Rufiji, kaniki nimembebea mama yako mgongoni. Leo imekuwa ya waganga?" Nikaufyata. Kesho yake asubuhi niko Kariakoo.

Nikaanza na maduka ya kanga Mtaa wa Uhuru. Wa kwanza hana, wa pili hana, wa tatu akanicheka. Wa nne, kijana tu, akanielekeza kwa wauza dawa za asili. Kweli bwana, nikaikuta pale imekunjwa pamoja na wenzake wawili: nyeupe, nyekundu, nyeusi, zinauzwa kama seti. Maana yake alichosema kila mtu ni kweli, kaniki imehamia kilingeni.

Nikaishika. Nyepesi kama karatasi, imejaa wanga, nyeusi ti. Nikaigeuza huku na huku kwenye mwanga, hakuna hata chembe ya ubuluu. Sasa pembeni pale kulikuwa na fundi cherehani, mzee wa makamo ya babu yangu, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniambia bila kuinua uso: "Hiyo ni kitambaa cheusi. Kaniki ukiikunjua juani inang'aa kama mgongo wa kunguru." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ile ilipigwa nili, mjukuu wangu. Hii imepigwa rangi tu."

Neno hilo moja ndilo limeninyima usingizi siku tano. Nimesoma, nimeuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nili ni rangi ya buluu iliyokolea inayotoka kwenye majani ya mmea, mnili. Neno lenyewe tumelipokea kwa Waarabu, nao walilitoa huko India, ambako nila ni buluu. Kabla hamjaanza: halihusiani na mto Naili, ni majina mawili yamegongana tu. Wagiriki wa kale wao waliita "kitu cha kutoka India", indikon, na ndiyo maana Wazungu wanaiita indigo mpaka leo. Yaani jina lenyewe ni anwani ya dukani.

Karne ya 19 kaniki ilikuwa pesa. Misafara ya pembe iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikubeba noti. Ilibeba ushanga, waya wa shaba, na nguo. Nguo kuu zilikuwa mbili: marekani, yaani ile pamba nyeupe isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts (Wamarekani walisaini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833), na kaniki, pamba iliyopigwa nili, iliyotoka pwani ya magharibi ya India. Mpagazi mmoja alibeba frasila 2 hivi, tuseme kilo 30 na kitu, kichwani au begani, kwa miezi. Kipimo kilikuwa mkono: mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti. Ukifika Ugogo unasimamishwa, unatoa doti kadhaa za hongo ndipo upite na unywe maji. Ndiyo, hongo hii hii. Wakati ule ilikuwa ushuru halali wa mtemi, hakuna aliyeificha kwenye bahasha.

Wabeba kaniki baharini walikuwa Wahindi wa Kutch, wale wa bandari ya Mandvi. Kampuni ya Jairam Shivji, ambaye watu wake walitoka Kutch hiyo hiyo, ilishika ukodi wa forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi, yaani ilimlipa Sultani ili yenyewe ikusanye ushuru bandarini. Kwa hiyo mtu yule yule aliyejua bei ya pembe alijua pia bei ya nguo ya kuibadilisha.

Sasa hapa ndipo nilipokaa kimya. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa. Zanzibar na Mrima wote, mwanamke mtumwa alikuwa anajulikana kwa kaniki au marekani iliyochakaa. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed akafuta hali ya utumwa kisheria kule Unguja na Pemba (kwa masharti ya kwenda mahakamani kuomba, na masuria waliachwa nje mpaka 1909, lakini tuyaache hayo). Wanawake wakaivua kaniki, wakavaa kanga. Kanga ilikuwa tangazo: mimi si wa mtu.

Na mwaka huo huo, 1897, mwezi wa Julai, kiwanda cha BASF kule Ludwigshafen, Ujerumani, kikaingiza sokoni nili ya kutengenezwa kwa kemia. Mkulima wa mnili akafa njaa. Mwaka mmoja: nguo inavuliwa huku, rangi yake inauawa kule. Sijui kwa nini shuleni hatukuambiwa.

Naombeni wenye elimu waongezee. Na mwenye kujua ilipo kaniki iliyopigwa nili asilia hapa Dar aniambie, bibi anasubiri.

#2 Chuma Chakavu

Mkuu, umeenda kununua nguo ukarudi na shahada ya historia. Naweka kambi hapa.

#3 Mla Kachori

Mgongo wa kunguru! Mzee fundi apewe maua yake akiwa hai.

#4 Ticha wa Zamu

Nimefundisha kemia miaka 19, ngoja nilipie kodi yangu humu.

Ndani ya jani la mnili hakuna buluu. Ukilifikicha ni kijani tu kama mchicha. Kuna kitu kinaitwa indikani, hakina rangi kabisa. Majani yakilowekwa kwenye maji yanachachuka, vimeng'enya vinaikata indikani, kinapatikana kitu cha kati, nacho kikikutana na hewa ndipo buluu inazaliwa. Kwa hiyo kiwanda cha nili cha India kilikuwa na mabirika mawili, moja juu moja chini. La juu majani yanalowekwa usiku kucha. Asubuhi maji ya manjano-kijani yanafunguliwa yanashuka la chini, na humo wanaingia vibarua, maji ya kiunoni, wanayapiga kwa mapedeli ya mianzi saa mbili tatu. Wanaingiza hewa. Povu linageuka buluu, buluu inatuama chini kama tope. Tope linachemshwa, linakamuliwa, linakatwa vipande kama vya sabuni za mche, vinaanikwa kivulini wiki kwa wiki.

Sasa sikilizeni ujanja wake. Hicho kipande hakiyeyuki kwenye maji. Ukikitia kwenye ndoo na shati unapata maji machafu na shati jeupe. Lazima uondoe oksijeni kwenye maji yenye magadi au majivu, kipande kigeuke manjano-kijani, ndipo kinayeyuka na kuingia kwenye nyuzi. Ukiitoa nguo hewani inarudi buluu mbele ya macho yako. Watu wa kale hawakujua oksijeni ni nini, lakini Wahindi, Wahausa, Wajapani, kila mmoja alifika pale pale kwa njia yake: pumba, tende, asali, mkojo uliochacha, chochote kinachochachua. Kano, Nigeria, kuna mashimo ya kupaka nguo Kofar Mata, yanahesabiwa tangu 1498.

Na kwa sababu nili inakaa juu ya uzi badala ya kupenya mpaka moyoni, inachujuka. Hiyo ndiyo tabia yake. Rangi nyingine zinashikana na uzi, nili inapanga chumba tu.

Kuhusu Ujerumani: mkemia Adolf von Baeyer alianza kuihangaikia nili mwaka 1865, akafika kwenye umbo lake kamili 1883, baadaye Nobel 1905. Lakini kuijua maabara na kuitengeneza kwa bei ya soko ni vitu viwili. BASF walitumia marka milioni 18 za dhahabu. Malighafi waliyoanzia ni naftalini, itokayo kwenye lami ya makaa ya mawe. Naftalini hiyo hiyo ya vile vidonge vyeupe ambavyo bibi zetu wanaweka sandukuni nguo zisiliwe na wadudu. Walikwama kwenye kuivunja naftalini, na inasimuliwa kwamba kipimajoto kilipasuka ndani ya chungu, zebaki ikamwagika, mambo yakaenda kasi ambayo hawakuwahi kuiona. Zebaki ikabaki kuwa kichocheo. Ajali ya dola chache, wakulima wa bara zima wakakosa soko.

Mwaka 1897 nili ya mimea ilikuwa tani 19,000 hivi duniani. Kufikia 1914 imebaki tani 1,000.

#5 Bichwa la Samaki

Ticha naomba notsi za darasa zima.

#6 Mama Batiki Ilala

Jamani mimi si msomi lakini ninapika batiki mwaka wa 22 sasa, na hayo anayosema Ticha nayafanya kila Jumanne uani kwangu bila kujua jina lake.

Sisi rangi za kukolea hatuzitii kwenye maji hivi hivi. Unaweka kostiki, ile soda kali, unaweka haidro, ule unga wa kuigeuza rangi, maji ya moto, rangi inageuka. Buluu yangu ndani ya beseni inakuwa ya kijanikijani mbaya, kama maji ya bwawa. Mteja mgeni akichungulia anasema mama umekosea. Namwambia subiri. Naitoa nguo na glavu mpaka kwenye viwiko, naitundika kwenye kamba. Inaanza kwenye mikunjo: kijani inakimbia, buluu inaifuata, kama mtu anavuta shuka. Ukihesabu mpaka mia nguo nzima imegeuka. Miaka 22 na bado nasimama kuangalia.

Lakini mtoto wangu wa Tandika, kostiki si mchezo. Usije ukaenda kujaribu nyumbani ukambabua bibi.

#7 Chuma Chakavu

"Kijani inakimbia, buluu inaifuata." Mama uko uani kwako unaandika mashairi halafu unasema si msomi.

#8 Kasuku Mstaafu

Mleta uzi umeandika vizuri ila umepita mbio kwenye damu. "Mkulima wa mnili akafa njaa" unasema, kana kwamba kabla ya BASF alikuwa anashiba.

Ngoja nianzie mbali. Karne ya 17 nili bora ya India ilitoka sehemu mbili: Bayana karibu na Agra, na Sarkhej karibu na Ahmedabad. Waingereza na Waholanzi waliinunua wakaishusha bandari ya Surat. Ya Sarkhej ilikuwa na sifa moja ambayo mtu wa Kariakoo ataitambua mara moja: walichanganya mchanga iongezeke uzito. Wanunuzi wakawa wanavunja kipande, wanakisugua kwa kucha kuona kama kinatoa mng'ao wa shaba, wanakitupia majini. Nili safi inaelea. Ya mchanga inazama na pesa yako.

Ulaya kwenyewe waliipiga vita. Kulikuwa na wakulima wa mmea wao wa buluu, dhaifu, na waliona nili ya India inakuja kuwamaliza. Ujerumani wakaiita rangi ya shetani. Ufaransa, mfalme Henri wa Nne mwaka 1609 akaweka adhabu ya kifo kwa atakayeitumia. Haikusaidia. Karne moja baadaye Wafaransa hao hao wanailima Saint-Domingue (Haiti ya leo) kwa watumwa, na Waingereza wanailima South Carolina, pia kwa watumwa, pale msichana aitwaye Eliza Lucas alipoifanikisha miaka ya 1740. Mwaka 1748 maofisa wa jeshi la maji la Uingereza wakapewa sare ya buluu. Hiyo ndiyo "nevi bluu" unayoiona asubuhi Mbagala Rangi Tatu kwenye sketi na kaptula za watoto wa shule ya msingi.

Kisha Marekani ikajitoa, Haiti ikawaka moto 1791, na Waingereza wakahamia Bengal, mashariki mwa India. Hapo ndipo damu ilipo. Bwana shamba Mzungu anampa mkulima arubuni, wanaiita dadan. Ukishaipokea, hata kama ulilazimishwa, lazima ulime mnili kwenye kipande bora cha shamba lako badala ya mpunga. Bei anapanga yeye, vipimo vyake, vitabu vyake. Deni haliishi, mtoto anarithi. Ukigoma, unakutana na watu wenye virungu, ng'ombe wako wanachukuliwa.

Mwaka 1859 wakulima wa Nadia na Jessore wakasema basi, hatupandi. Uasi ukaenea mpaka 1860, serikali ikaunda tume, tume ikakiri kwamba wakulima wanalazimishwa. Mwandishi mmoja wa Kibengali, Dinabandhu Mitra, akaandika mchezo wa kuigiza, na mmisionari James Long aliyechapisha tafsiri yake akafungwa mwezi mmoja na kutozwa faini ya rupia 1,000. Kwa mchezo wa kuigiza!

Mabwana wakahamia Bihar, jirani na Bengal. Kule Champaran mkulima alipaswa kutenga sehemu 3 kati ya kila 20 za shamba lake kwa mnili. Alipofika Gandhi mwezi Aprili 1917, soko la nili lilikuwa limeshakufa mara moja, vita vya Wazungu vimeifufua kwa sababu Mjerumani hapeleki bidhaa, na wakulima wamebanwa pande zote. Sheria ya kuifuta sehemu 3 ya 20 ikaja 1918.

Kwa hiyo nili ya kemia ilipokuja, kwa maelfu ya watu haikuwa msiba.

#9 Mtoto wa Tandika

Mzee Kasuku shikamoo. Nimesoma mara mbili. Kuna kitu kimenigusa: bibi yangu ni wa Rufiji, upande wa Wamatumbi. Hiyo habari ya kulazimishwa kulima zao la mtu mwingine kwenye ardhi yako, kule tuliisikia kwa jina la pamba. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba ya Mjerumani, Maji Maji ikaanza.

#10 Kasuku Mstaafu

Marahaba. Ndiyo hiyo hiyo, nili ni dada yake pamba.

#11 Pweza Hajuti

Mimi nina swali la uchokozi. Kila nikisoma humu ni India, India, India. Ina maana Waswahili tulikuwa wa kuvaa tu? Hatukuwahi kupaka nguo zetu wenyewe?

#12 Mswahili wa Kizamani

Pweza swali zuri, na jibu linakupendelea.

Kwanza, pwani hii watu walisokota na kufuma pamba zamani sana. Kilwa wamefukua vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi, vingi tu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alitaja nguo za pale zinazosafirishwa mpaka Misri.

Pili, nili yenyewe. Kusini, visiwa vya Kirimba, Msumbiji ya leo, Waislamu wa pale walifuma nguo ya buluu wakiipaka kwa nili iliyoota huko huko. Wareno walipofika karne ya 16 waliikuta inajulikana kwa jina la mahali, Maluane, wakaigombania kwa sababu ilikuwa bidhaa ya kubadilishana dhahabu na pembe. Kwa hiyo kabla kaniki ya Kutch haijaja kwa wingi, kulikuwa na buluu ya kwetu.

Tatu, na hili nalipenda: mnili hauko India tu. Jamii yake imeota porini Tanzania nzima, wewe mwenyewe umeshaukanyaga. Kuna aina moja ya Afrika, Waholanzi waliichukua wakaipanda Java kwa sababu majani yake yana rangi nyingi kuliko ya Kihindi. Wazungu wa Bihar walipoona BASF anawamaliza, wakaagiza mbegu za aina hiyo kujaribu kujiokoa. Yaani dawa ya mwisho ya nili ya India ilikuwa magugu ya Afrika. Haikutosha.

#13 Pweza Hajuti

Nimeridhika. Nafunga mdomo, ingawa mdomo wa pweza umefichwa katikati ya mikono yake.

#14 Binti wa Magomeni

Nyumbani kwetu marehemu bibi alikuwa na nili ya unga kwenye kikopo. Kanzu za babu na mashuka meupe lazima yasuuzwe mara ya mwisho kwa maji ya nili, yawe meupe pe. Kwa hiyo nili asilia ilikuwepo Magomeni miaka ya 80, msituambie ilikufa 1914.

#15 Ticha wa Zamu

Binti, hapo jina limekuchezea. Ile ya kufulia tuliiita nili au bluu, ni kweli, lakini kilichokuwa ndani ya kikopo ni rangi nyingine inaitwa altramarini. Ya asili ilikuwa jiwe la thamani la Afghanistan linasagwa. Miaka ya 1820 Wafaransa wakapata njia ya kuichoma tanuruni kwa udongo mweupe, magadi na salfa, ikawa rahisi kama chumvi. Buluu kidogo inaficha umanjano wa nguo nyeupe, jicho linadanganyika. Jina la zamani likahamia kwenye bidhaa mpya, kama vile mtu anavyosema "kaniki" akionyesha kitambaa cheusi cha kilingeni.

#16 Binti wa Magomeni

Haya. Umenivunjia kumbukumbu lakini umenivunjia kistaarabu.

#17 Mtumba Grade Ya Kwanza

Wakuu mnatafuta mbali. Njooni Ilala sokoni alfajiri nikifungua belo la jinzi. Hiyo ndiyo kaniki ya leo. Jinzi ni uzi wa buluu juu, mweupe ndani, ndiyo maana magotini inapauka na mapindoni inabaki na mstari. Wateja wangu wengine wanalowesha kidole mate, wanasugua ndani ya mfuko: kikitoka na buluu wanachukua, kisipotoka wanasema feki. Levi Strauss na mwenzake Jacob Davis walipopata hataza ya suruali zilizokazwa mifukoni kwa vile vipini vya shaba (riveti) mwaka 1873 rangi ilikuwa bado ya majani. Sasa ni ya kiwandani, makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka, na karibu yote inaishia kwenye suruali.

Ila ajabu ya dunia: kaniki ikichujuka ni umaskini, jinzi ikichujuka tunapandisha bei.

#18 Ticha wa Zamu

Mtumba, kile kipimo cha kidole ni sahihi kabisa. Na hapo nimkumbushe mleta uzi jambo ambalo halitampendeza. Bibi yako kazaliwa miaka ya 40. Kufikia wakati huo nili ya majani ilikuwa imekwisha kwenye biashara, karibu yote ilikuwa ya kiwandani. Kaniki aliyolimia mpunga ilipigwa nili, ndiyo, lakini nili iliyotokana na lami ya makaa. Molekuli ni ile ile, mng'ao ule ule, mchujo ule ule. Fundi wako hakukosea. Ila hiyo "asilia" unayomtafutia bibi, bibi mwenyewe hakuwahi kuivaa.

#19 Mtoto wa Tandika

Ticha nimekaa pale, nimeinuka, nimekaa tena.

#20 Mama Batiki Ilala

Mwanangu usihuzunike. Njoo Jumanne na kitambaa cha pamba, mita 4, kisiwe na wanga. Rangi nitatoa mimi, kaniki ni kukizamisha mara nyingi tu. Lete na soda yako.

#21 Mtoto wa Tandika

Wakuu narudisha mrejesho, samahani kwa kuchelewa.

Jumamosi nilienda Mbagala na ile nyeusi ya Kariakoo. Nilikuwa nimeshainunua, nikasema labda bibi haoni vizuri siku hizi. Nikamkuta kwenye mkeka anapepeta mchele. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri. Kisha akalowesha kidole gumba ulimini, akasugua pindo. Akaangalia kidole. Kikavu, cheupe. Akasugua tena kwa nguvu zaidi. Hakuna kitu. Akaikunja taratibu, akanirudishia.

"Hii haichuji. Mpelekee mganga wako."

Jumanne nilikuwa uani kwa Mama Batiki tangu saa mbili. Nilibeba bafta mita 4, nikaifua mara tatu kuondoa wanga kama nilivyoagizwa. Alinipa glavu moja, nyingine imetoboka. Tuliizamisha mara sita. Mara ya kwanza ilitoka rangi ya maji ya bahari ya Kigamboni asubuhi, nikadhani tumemaliza, akacheka. Mara ya nne ikawa ya sare ya shule. Baada ya ya sita haikuwa buluu tena wala nyeusi, nikaigeuza kwenye jua, na wallahi naapa, ule mgongo wa kunguru niliuona kwa sekunde mbili tatu kabla haijakauka.

Kidole cha glavu iliyotoboka bado ni cha buluu, nimefua nimechoka. Kesho naenda Mbagala nayo.

#22 Mla Kachori

Usiisuuze sana kabla hujampelekea.

#23 Mama Batiki Ilala

Nilimwambia asuuze mara moja tu.